Kubadilisha na Kutunza Pampu ya Mzunguko ya Boila ya Nyumbani

Nyumba nyingi za Uingereza hupashwa joto kwa maji yanayozunguka. Boila, ambayo mara nyingi hutumia gesi, huyapasha maji hayo moto. Pampu huyasukuma kupitia mabomba hadi kwenye rejeta zilizofungwa ukutani. Na maji yakishaacha joto lake vyumbani hurudi kwenye boila yapashwe tena. Pampu yenyewe ni ndogo kiasi cha kushikika kwa mkono mmoja, lakini ikisimama, maji yaliyomo ndani ya boila hupanda joto haraka mno, boila hujizima kwa usalama wake, na nyumba hubaki baridi hali gesi ipo na umeme upo. Ndugu zetu wanaohamia huko kutoka Mombasa, Dar es Salaam, Unguja au Bukavu hukutana na mtambo huu kwa mara ya kwanza, na mara nyingi huutambua siku unapogoma katikati ya majira ya baridi, wakati ambapo hakuna nafasi ya kujifunza polepole. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yao, na kwa mafundi bomba wanaozungumza Kiswahili walioanza kazi hii ugenini.

Jambo ninalotaka lishikwe kuliko yote ni kwamba umri si adui mkubwa wa pampu. Adui zake ni maji machafu, hewa iliyonaswa na ufungaji mbaya, na kwa hiyo anayebadilisha pampu bila kushughulikia kilichoiua ya kwanza atairudia kazi hiyo hiyo baada ya misimu michache.

Mipaka ya kazi hii

Kabla ya kushika spana, tambua pampu iko wapi. Katika boila za kombi, ambazo hutoa maji moto ya bombani papo hapo bila tangi, pampu imo ndani ya boksi la boila, na ndivyo ilivyo pia katika boila nyingine nyingi za kisasa. Katika mifumo ya zamani zaidi pampu iko nje, kwa kawaida ndani ya kabati lenye tangi la maji moto ghorofani, na hiyo ndiyo inayohusika hapa. Pampu iliyo ndani ya boila ya gesi mwachie fundi aliyesajiliwa na Gas Safe Register, ambalo ndilo daftari rasmi la mafundi wa gesi wa England, Scotland na Wales tangu Aprili 2009, kwa sababu katika boila nyingi kifuniko cha mbele ni sehemu ya kinga inayozuia moshi wa gesi usiingie nyumbani. Kifuniko hicho kikirudishwa vibaya, kaboni monoksaidi inaweza kuvuja, nayo haina rangi wala harufu na huua watu wakiwa usingizini.

Mpangaji naye ajue haki yake. Katika mikataba ya kawaida ya muda mfupi huko England, kifungu cha 11 cha sheria ya mwaka 1985 ya wenye nyumba na wapangaji kinamtaka mwenye nyumba kutengeneza mitambo ya kupasha nyumba joto na ya kuchemsha maji, na kanuni za usalama wa gesi za mwaka 1998 zinamtaka akaguze vifaa vyake vya gesi kila baada ya miezi 12. Mpangaji asinunue pampu kwa fedha zake wala asifungue mfumo mwenyewe. Aandike taarifa kwa mwenye nyumba siku hiyo hiyo na abaki na nakala.

Kinachoendelea ndani ya pampu

Mifumo ya kwanza ya rejeta haikuwa na pampu. Maji moto ni mepesi kuliko maji yaliyopoa, kwa hiyo hupanda, na yaliyopoa hushuka kuchukua nafasi yao. Tofauti hiyo ndogo ya uzito ilitosha kuyazungusha, mradi mabomba yawe manene na boila iwe chini ya nyumba. Mwaka 1928 Wilhelm Opländer wa Dortmund, Ujerumani, alibuni kifaa cha kuharakisha mzunguko huo, na kampuni yake ndiyo inayojulikana leo kwa jina la Wilo. Pampu ilipoenea, mabomba yaliweza kuwa membamba: leo vipimo vya kawaida Uingereza ni milimita 22 kwa njia kuu na milimita 15 kuelekea kila rejeta.

Katika pampu ya nyumbani ya leo, rota, yaani sehemu ya mota inayozunguka, huwa imezama ndani ya maji yale yale yanayopita kwenye rejeta. Hakuna sili ya shafti inayoweza kuchakaa na kuvuja, na maji yenyewe ndiyo yanayolainisha beringi. Kutokana na ubunifu huo zinatoka kanuni tatu ambazo hazina mjadala. Kwanza, pampu isiwashwe kamwe ikiwa kavu, hata kwa kujaribu tu kama inazunguka, kwa kuwa beringi zitasagana bila kilainisho. Pili, shafti ya mota ilale sambamba na sakafu, hata kama bomba linasimama wima, kwa sababu shafti iliyosimama hukusanya hewa kwenye beringi ya juu na kuitwisha beringi moja uzito wote. Tatu, chochote kinachoelea ndani ya maji kitafika kwenye beringi.

Hatua ya kwanza: kuhakikisha kwamba pampu ndiyo mbovu

Pampu nyingi nzima hutupwa kwa sababu fundi hakupima. Anza kwa kuwasha mfumo na kuongeza kidhibiti cha joto cha chumbani hadi mfumo uitike. Shika bomba linalotoka kwenye boila, kisha lile lililo mbele ya pampu, kwa uangalifu kwani linaweza kuunguza. Ikiwa bomba ni la moto sana karibu na boila na la baridi mbele ya pampu, maji hayasogei. Ikiwa joto linapita kwenye pampu lakini rejeta moja tu ndiyo ya baridi, tatizo liko kwenye rejeta hiyo, si kwenye pampu: pengine ina hewa, pengine ncha ya valvu yake imekwama, pengine imejaa tope chini.

Weka ncha ya bisibisi ndefu juu ya mwili wa pampu na sikio kwenye mpini. Pampu nzima hutoa mvumo laini usiobadilika. Mvumo wa mota bila mtiririko wa maji huashiria kwamba rota imekwama, na katika pampu za zamani unaweza pia kumaanisha kwamba kapasita imechoka na mota haina nguvu ya kuanza. Mkwaruzo au mlio wa chuma kwa chuma ni beringi zilizokwisha. Mlio wa kububujika ni hewa. Kimya kabisa kinadai upime umeme kabla ya kulaumu pampu: mtu mwenye ujuzi wa umeme apime kama volti 230 zinafika kwenye vituo vya pampu wakati mfumo unapoitika. Umeme ukifika na pampu isizunguke, pampu ni mbovu au imekwama. Umeme usipofika, tatizo liko kwenye fyuzi, kwenye saa ya kuwashia, kwenye valvu ya mota au kwenye boila yenyewe, na pampu mpya haitabadilisha lolote.

Rota kukwama ni ugonjwa wa Septemba na Oktoba, mfumo unapowashwa baada ya kulala majira yote ya joto. Katika pampu za zamani kuna skrubu kubwa katikati ya uso wa mota. Zima umeme, subiri maji yapoe, weka tambara chini, fungua skrubu hiyo taratibu ukitarajia maji kidogo kutoka, kisha ingiza bisibisi bapa kwenye mfereji wa ncha ya shafti na uizungushe huku na huku hadi iwe nyepesi. Pampu nyingi mpya hazina skrubu hiyo. Baadhi yake zina tundu dogo la kusukuma na kuzungusha shafti kwa mbele, na nyingine hujikwamua zenyewe kwa kutikisa rota kila zinapowashwa. Pampu iliyokwamuliwa na kuendelea vizuri usiitupe, lakini chukulia tukio hilo kama onyo kuhusu hali ya maji.

Hatua ya pili: kuchagua pampu inayofaa

Aliyezoea kwetu pampu za kupandisha maji kutoka kisimani hadi kwenye tangi la juu ya nyumba huja na fikra moja inayopotosha: kwamba nyumba ya ghorofa tatu inahitaji pampu ya kuinua maji ghorofa tatu. Katika mzunguko uliofungwa, uzito wa maji yanayopanda hulingana na uzito wa maji yanayoshuka upande wa pili, na vyote viwili hufutana. Kinachobaki kwa pampu ni kushinda msuguano wa maji ndani ya mabomba, viungo, valvu na boila. Ndiyo maana nyumba ndefu ya chini yenye mabomba marefu inaweza kudai pampu yenye nguvu kuliko nyumba nyembamba ya ghorofa tatu.

Hesabu yenyewe si ngumu. Kiasi cha maji kinachohitajika kwa sekunde hupatikana kwa kugawa nguvu ya joto, kwa kilowati, kwa 4.19 mara tofauti ya joto kati ya maji yanayotoka na yanayorudi. Mfumo wa kilowati 15 wenye tofauti ya digrii 20, ambayo ni ya kawaida kwa boila za kisasa zinazogeuza mvuke wa moshi kuwa maji, unahitaji takriban lita 11 kwa dakika. Mfumo huo huo ukisanifiwa kwa tofauti ya digrii 11, kama ilivyokuwa desturi ya zamani, unahitaji karibu lita 20. Kwa upande wa msuguano, chukua njia ndefu kuliko zote, kwenda na kurudi. Ikiwa ni mita 40 na mabomba yamechaguliwa kwa msuguano wa paskali 300 kwa kila mita, upotevu ni paskali 12,000, sawa na kimo cha maji cha mita 1.2 hivi, ukiongeza nusu yake kwa ajili ya viungo, kisha mita moja au mbili kwa ajili ya boila, unafika mita tatu hadi nne. Pampu ya kawaida ya nyumbani yenye kimo cha juu cha mita 5 au 6 inatosha na kubaki. Kununua kubwa zaidi ni kununua kelele.

Vipimo vya mwili navyo viangaliwe. Uingereza pampu nyingi za nyumbani zina urefu wa milimita 130 kutoka mdomo hadi mdomo na nyuzi za inchi moja na nusu, ilhali katika nchi za bara la Ulaya urefu wa milimita 180 ni wa kawaida. Pima ile ya zamani kabla ya kwenda dukani. Usishangae ukikosa pampu ya aina ile ile yenye kasi tatu za kuchagua kwa swichi: kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 641 ya mwaka 2009 iliweka kiwango cha juu cha kipimo cha matumizi ya umeme, nacho kikakazwa hadi 0.23 kuanzia Agosti 2015, na pampu za zamani zikaondoka sokoni. Zilizochukua nafasi yake, za kampuni za Grundfos, Wilo na nyinginezo, zina rota ya sumaku ya kudumu na kidhibiti cha kielektroniki. Pampu ya zamani ilikula wati 60 hadi 100 saa zote ilipokuwa ikifanya kazi. Mpya, katika nyumba ya kawaida, hutumia sehemu ndogo ya hizo. Ukipunguza wati 50 kwa saa 2,500 za msimu, umeokoa uniti 125 za umeme kila mwaka. Sumaku hiyo hiyo, hata hivyo, huvuta chembe za chuma zilizomo ndani ya maji, kwa hiyo pampu mpya ina uvumilivu mdogo kwa maji machafu kuliko ile iliyoondolewa. Jambo hili husahauliwa sana.

Hatua ya tatu: kuzima umeme na kufunga maji

Zima swichi ya fyuzi inayolisha mfumo wa joto, toa fyuzi yake, ambayo kwa kawaida huwa ya ampea 3, na uiweke mfukoni mwako mwenyewe ili mwingine asiirudishe. Jaribu kipima umeme mahali unapojua pana umeme, pima vituo vya pampu, kisha kijaribu tena pale pa mwanzo. Kipimo kisichothibitishwa hakina thamani. Andika au piga picha ya nyaya kabla ya kuzitoa: nyaya mpya ni kahawia kwa umeme, buluu kwa nyutro, na kijani yenye mistari ya njano kwa ardhi, lakini katika nyumba za zamani utakuta nyekundu na nyeusi.

Pampu iliyofungwa vizuri ina valvu mbili, moja kila upande, zinazoruhusu itolewe bila kumwaga maji ya mfumo mzima. Acha maji yapoe kwanza. Zifunge kwa upole, na hesabu mizunguko uliyozungusha ili baadaye uzifungue kiasi kile kile. Valvu iliyokaa miaka kumi bila kuguswa inaweza kukwama, na kuilazimisha kwa spana ndefu ni kuivunja shingo. Ikigoma, au ikifungwa lakini maji yakaendelea kupita, amua mapema kumwaga mfumo. Ni bora kupoteza muda huo kuliko kufurika kwa maji meusi yasiyotoka kwenye zulia.

Namna ya kumwaga inategemea aina ya mfumo. Mfumo wa wazi una kitangi kidogo darini kinachoujaza: funga maji yanayokiingia, au funga boya lake kwa kamba kwenye kijiti kilicholazwa juu ya kitangi. Mfumo uliofungwa hauna kitangi. Una geji ya presha, chombo cha kupanukia chenye mpira ndani, na kimpira cha kujazia kutoka bomba la maji safi, ambacho huhakikishwa kimefungwa. Katika yote mawili, unga mpira wa maji kwenye koki ya kumwagia iliyo sehemu ya chini kabisa ya mfumo, upeleke nje, ufungue koki, kisha fungua vitoa hewa vya rejeta za juu ili hewa iingie na maji yatoke kwa wepesi. Kama ni pampu tu inayobadilishwa, si lazima kumwaga rejeta zote. Shusha maji hadi chini ya usawa wa pampu.

Hatua ya nne: kutoa ya zamani na kufunga mpya

Tazama mshale uliochongwa kwenye mwili wa pampu ya zamani, unaoonyesha maji yanakoelekea, na uchore alama ukutani. Weka bakuli na matambara chini. Tumia spana mbili, moja kushika valvu na nyingine kuzungusha nati kubwa, ili nguvu isihamie kwenye bomba la shaba na kulipinda au kulegeza kiungo cha mbali usichokiona. Nati ikiwa imeshikwa na kutu, ipake mafuta ya kulegeza na usubiri.

Pampu ikitoka, igeuze na uangalie ndani yake. Tope jeusi laini linalonaswa na sumaku ni oksidi ya chuma inayotokana na rejeta kuoza kwa ndani. Kutu nyekundu ina maana mbaya zaidi: hewa mpya inaingia kwenye mfumo mara kwa mara. Maganda meupe ni chokaa ya maji magumu, na yanaonyesha kwamba mfumo umekuwa ukiongezwa maji mapya mara nyingi, yaani kuna mahali panapovuja. Ukikuta tope, huu ndio wakati wa kusafisha mfumo kwa dawa na kuusukuma maji safi hadi yatoke meupe, kabla pampu mpya haijaingia.

Toa washa za zamani zote mbili, safisha nyuso za valvu bila kuzikwaruza, na uweke washa mpya zilizokuja na pampu. Washa za mpira hukaa kavu. Zisipakwe gundi ya mabomba. Ikiwa valvu za zamani ni mbovu na mfumo umeshamwagwa, zibadilishe sasa. Weka pampu mshale ukielekea alama yako, shafti ikiwa sambamba na sakafu, na boksi la nyaya likiwa juu au pembeni, kamwe lisiwe chini ya pampu ambako tone lolote la maji litaingia. Ikiwa boksi limeangukia upande usiofaa, pampu nyingi huruhusu kichwa cha mota kifunguliwe skrubu nne na kuzungushwa, kazi ambayo hufanywa pampu ikiwa bado kavu. Kaza nati kwa mkono kwanza ili washa zikae sawa, kisha umalizie kwa spana kiasi cha robo mzunguko. Kukaza kupita kiasi hukata washa.

Palipo na nafasi ya kuchagua pa kuweka pampu, kwa mfano mfumo unapofanyiwa marekebisho makubwa, izingatiwe pia sehemu ambapo chombo cha kupanukia, au bomba la kitangi cha darini, linaungana na mzunguko. Hapo presha haibadiliki pampu ikiwashwa au ikizimwa. Pampu iliyowekwa mara tu baada ya sehemu hiyo, ikisukuma kuelekea mbali nayo, huongeza presha katika mzunguko. Ikiwekwa ikisukuma kuielekea, hushusha presha nyuma yake, na hewa inaweza kuvutwa kupitia viungo na vitoa hewa. Katika mfumo wa wazi kosa hili hujulikana kwa maji kumwagika darini kutoka bomba la kupumulia, au kwa bomba hilo kuvuta hewa. Hewa hiyo huleta oksijeni, oksijeni huozesha rejeta, na tope la rejeta hurudi kuua pampu.

Hatua ya tano: kujaza, kutoa hewa na kuunga umeme

Maji huja kabla ya umeme. Fungua valvu ya upande wa kuingilia taratibu, angalia viungo kwa tambara kavu, kisha fungua ya upande wa pili. Katika mfumo uliofungwa, jaza hadi geji isome kati ya baa 1 na 1.5 mfumo ukiwa wa baridi, kisha ufunge kimpira cha kujazia na kukiondoa. Valvu ya usalama hufunguka kwenye baa 3, kwa hiyo usijaze hadi karibu nayo kwa kudhani kwamba nyingi ni bora. Toa hewa kwenye rejeta zote kuanzia za chini hadi za juu, ukirudia kuangalia geji, kwani kila hewa inapotoka presha hushuka.

Kuhusu umeme, soma maelekezo ya boila kabla ya kuunga waya wowote. Boila nyingi zina vituo vyake maalumu vya pampu, kwa sababu boila inataka pampu iendelee kuzunguka kwa dakika kadhaa baada ya moto kuzimika ili kuondoa joto lililobaki. Ukiiunga pampu moja kwa moja kwenye saa ya kuwashia, itazima papo hapo pamoja na moto, maji yaliyobaki ndani ya boila yatachemka, na utasikia milio kama ya birika. Waya wa ardhi uungwe daima, na waya unaotumika uwe wa kuvumilia joto na ushikwe mbali na bomba la moto. Fyuzi irudishwe mwisho.

Washa kwanza bila moto wa boila ikiwezekana, au kwa kidhibiti cha joto kikiwa chini, uache pampu izunguke kwa dakika kumi huku hewa ikitoka. Pampu nyingi mpya zina hali maalumu ya kujitoa hewa. Mlio wa kububujika mwanzoni ni wa kawaida. Ukiendelea siku ya pili, kuna hewa mahali ambapo hujaitoa.

Kupanga kasi

Hapa ndipo kazi nyingi nzuri huharibika, kwa kuwa pampu huachwa kwenye kasi ya juu kabisa. Nyumba yenye rejeta zilizo na valvu za kujifunga kwa joto ipangiwe hali ambayo presha hupungua kadiri mtiririko unavyopungua, ili valvu zinapojifunga maji yasizomee. Sakafu yenye mabomba ya joto chini yake inataka presha isiyobadilika. Kasi moja ya kudumu hufaa pale maelekezo ya boila yanapodai mtiririko wa kima fulani cha chini, na mfumo kama huo unahitaji pia njia ya mkato yenye valvu inayojifungua rejeta zote zinapofungwa, la sivyo pampu itasukuma kwenye ukuta.

Anza na mpangilio wa chini na upande kwa hatua moja moja hadi rejeta ya mbali kabisa ipate joto. Lakini kabla ya kuongeza kasi kwa sababu ya chumba kimoja baridi, sawazisha rejeta: bana ile valvu ndogo yenye kofia, isiyo na namba, kwenye rejeta zilizo karibu na boila, uifungue zaidi kwenye zile za mbali. Maji hufuata njia nyepesi, na pampu yenye nguvu zaidi huyapeleka mengi zaidi kwenye njia ile ile nyepesi. Chumba cha mwisho kitabaki baridi, na sasa kwa kelele.

Matunzo ya mwaka hadi mwaka

Kichujio cha sumaku kifungwe kwenye bomba la kurudi, kabla ya maji kuingia kwenye boila. Kiwango cha Uingereza cha BS 7593, katika toleo la 2019, kinakitaja kama sehemu ya mfumo. Mwezi mmoja baada ya pampu mpya kifungue ukisafishe, na usishangae wingi wa tope. Baadaye mara moja kwa mwaka inatosha. Dawa ya kuzuia kutu iongezwe kila mfumo unapomwagwa. Dawa nyingi huuzwa katika chupa za lita moja, ambayo hutosha lita 100 hivi za maji ya mfumo, na lebo ya chupa ndiyo ya kufuatwa. Kiwango hicho hicho kinataka nguvu ya dawa ipimwe kila mwaka, na kila baada ya miaka 5 dawa iwekwe upya au maji yapimwe kwa kina maabara.

Majira ya joto, washa pampu kwa dakika chache kila mwezi ikiwa kidhibiti chako hakifanyi hivyo chenyewe. Geji ya presha itazamwe kila mwezi. Presha inayoshuka taratibu inadai kutafutwa panapovuja, wala haiponywi kwa kujaza kila wiki, kwa sababu kila maji mapya yanayoingia huleta oksijeni na chokaa. Presha inayopanda hadi karibu baa 3 mfumo unapopata moto na kuanguka unapopoa huonyesha kwamba chombo cha kupanukia kimepoteza hewa yake, na pampu haihusiki kabisa. Taa za pampu mpya huonyesha makosa kwa rangi au kwa kumweta, kila aina kwa lugha yake, kwa hiyo kitabu cha maelekezo kihifadhiwe ndani ya mfuko wa plastiki kando ya pampu.

Mwisho, andika kwenye kadi na kuifunga kwenye bomba: tarehe ya kufunga, aina ya pampu, mpangilio wa kasi uliochaguliwa, jina la dawa na kiasi kilichowekwa, presha ya baridi, na tarehe ya kusafisha kichujio. Fundi atakayekuja baada yako, akiwa wewe mwenyewe au mwingine, atajua aanzie wapi bila kubahatisha.